Mbolea Imewekwa, Mahindi Bado ya Njano: Tafuta Naitrojeni Ilikopotelea

Mahindi yakibaki njano baada ya kuwekewa mbolea ya kukuzia, mkono wa mkulima huenda moja kwa moja kwenye mfuko wa pili. Uzuie kwanza. Mara nyingi naitrojeni ilinunuliwa, ikabebwa, ikawekwa, ila haikukutana na mizizi. Huenda ilipaa hewani, ilizama chini kuliko mizizi inavyofika, ilinyang'anywa na magugu au vijidudu vya udongo, au ilifika wakati mmea umeshaamua gunzi lake litabeba punje ngapi. Kila upotevu una dalili zake. Mfuko wa pili ukiwekwa vilevile, katika hali ileile, utaishia kulekule ulikoishia wa kwanza.

Basi kabla ya kununua, jibu maswali matatu kwa mpangilio huu: ni jani gani limegeuka njano, mmea una umri gani, na mbolea ya mwisho ilikutana na mvua, jua na udongo wa namna gani.

## Kwanza hakikisha ni naitrojeni

Naitrojeni huhama ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, kwa hiyo njaa yake huanzia chini na kupanda. Chukua jani la chini ambalo halijakauka lote. Kama ni naitrojeni, njano imeanzia nchani na kushuka kwa kufuata mshipa mkuu wa katikati, ikichora herufi V iliyofunguka kuelekea nchani, huku kingo za jani zikiwa bado kijani upande wa shina. Baadaye njano hiyo hukauka ikawa kahawia. Mmea wote huwa mwembamba, na hata majani yake mazuri yamepauka kidogo.

Njano inayoanzia kwenye kingo za majani ya chini na kuungua hukohuko pembeni ni ya potasiamu. Michirizi ya njano kati ya mishipa ya majani ya chini, mishipa yenyewe ikibaki kijani, huelekeza kwenye magnesiamu. Yakianza majani machanga ya juu, naitrojeni si mshukiwa wa kwanza: zinki huacha mikanda mipana iliyopauka pande mbili za mshipa mkuu, hasa nusu ya jani iliyo karibu na shina. Zambarau kwenye miche ni fosforasi, au baridi tu inayozuia mizizi kuichukua.

Salfa inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayodanganya watu wengi. Shamba lililolishwa urea na DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi) peke yake kwa miaka mingi halipati salfa ya maana kutoka kwenye mifuko hiyo. Mahindi hupauka, mkulima huongeza urea, na bado hupauka. Ikiwa majani ya juu ndiyo yaliyopauka kuliko ya chini, chukua mistari michache uiwekee SA (salfeti ya amonia), yenye naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, na mistari ya jirani uiwekee urea yenye naitrojeni kiasi kilekile. Kijani kikikolea kwenye SA tu, umempata mhusika kwa gharama ya makopo machache ya mbolea.

Mambo mawili yasikutie wasiwasi usio na sababu. Majani mawili matatu ya chini kabisa hufa yenyewe mmea unapokua, kwa umri na kwa kivuli. Na mahindi yanayokausha majani ya chini huku ya juu yakijikunja mchana yanadai maji. Naitrojeni husafiri na maji kwenda kwenye mizizi, hivyo kwenye udongo mkavu hata ile iliyopo haifiki, na kuongeza nyingine juu ya vumbi hakusaidii.

## Kisha hesabu majani, si wiki

"Weka mbolea wiki ya tatu" ni ushauri unaofaa mahali pamoja na kupotosha pengine. Penye joto mahindi hukimbia. Penye baridi, mmea wa umri uleule wa kalenda huwa nyuma kwa majani mawili au zaidi. Hesabu majani yaliyokwisha kufunguka kabisa, yaani yale ambayo mstari uliopauka, pale jani linapoachana na shina, unaonekana wazi. Yaliyo bado ndani ya kikonyo cha juu, yaani pale katikati majani machanga yalipojikunja, usiyahesabu. Anza na lile la chini kabisa lenye ncha ya mviringo, na kama limekwisha kuoza lihesabu hivyohivyo.

Mpaka majani sita, mmea umechukua chini ya sehemu moja ya kumi ya naitrojeni yote utakayoihitaji. Hapo ndipo mambo yanapobadilika. Sehemu inayozaa majani, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa imejificha ardhini, hupanda juu ya uso wa udongo. Kuanzia hapo na kuendelea kidogo, idadi ya mistari ya punje kwenye gunzi hupangwa. Baada yake hupangwa urefu wa kila mstari, kazi inayoendelea hadi karibu na kutoka kwa ndevu. Kuanzia majani manane hadi mbelewele mmea hula kwa pupa: shamba linalostawi vizuri linaweza kuchukua kilo tatu za naitrojeni na zaidi kwa hekta kwa siku moja. Ndevu zinapotoka, karibu theluthi mbili ya naitrojeni ya msimu imeshaingia.

Ratiba inatokana na hesabu hiyo. Kiasi kidogo wakati wa kupanda, na sehemu kubwa mmea ukiwa na majani matano hadi manane, ili mbolea iwe imeshayeyuka na kushuka mizizini pupa inapoanza. Kwenye udongo wa kichanga, au mahali mvua inaponyesha kwa fujo, gawa ile sehemu kubwa mara mbili: nusu kwenye majani matano au sita, nusu kwenye majani kumi au kumi na mawili. Kwenye udongo mzito unaoshika virutubisho, mgawo wa tatu huleta kazi zaidi kuliko faida.

## Miche imeota kwa mapengo

Fukua mbegu ambazo hazikuota. Zikiwa zimevimba, zina kimea kifupi cha kahawia, na chembe za mbolea zimezigusa, zimeunguzwa. Chumvi ya mbolea huvuta maji kutoka kwenye mbegu, na urea au DAP hutoa amonia ambayo ni sumu kwa kimea. Urea haifai kabisa kuwa shimo moja na mbegu. Mbolea ya kupandia iwekwe kwanza, ifunikwe kwa udongo wa sentimita 5 hivi, ndipo mbegu ije juu au pembeni yake. Udongo mkavu huzidisha madhara, kwani chumvi inakuwa kali zaidi.

Kama mapengo ni machache, acha. Kama ni mengi, panda upya mapema. Miche iliyopandizwa wiki mbili baada ya wenzake hukua kivulini na kula mbolea bila kulipa.

## Mahindi ni njano kabla hayajafika gotini

Hapa watu hulaumu mbolea ya kupandia, wakati mwingine kwa haki. DAP ina naitrojeni asilimia 18 tu, na aliyepanda kwa mbolea ya fosforasi peke yake hakuweka naitrojeni yoyote. Lakini uliza kwanza kilichofanyika shambani kabla ya kupanda.

Je, mabua ya msimu uliopita yalilimiwa ndani ya udongo muda mfupi kabla ya kupanda? Mabua ya mahindi yana kaboni takribani mara 60 ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni kuliko inayopatikana humo, kwa hiyo huchota kutoka kwenye udongo, na miche hukosa. Samadi iliyojaa majani makavu au pumba za mbao hufanya vivyo hivyo. Naitrojeni hiyo haijapotea; imekopwa, na itarudi vijidudu vikianza kufa, ila mara nyingi hurudi ikiwa imechelewa kwa mmea wa msimu huu. Dalili ya kukutambulisha ni kwamba njano imefuata mahali mabua yalipolundikana, na ukichimba unayakuta hayajaoza. Dawa ni kuwahisha mbolea ya kukuzia: weka sehemu yake mmea ukiwa na majani matatu au manne, ukiichimbia chini ili isikae pamoja na mabua. Msimu ujao, lima mapema au acha mabua juu ya udongo. Yakiwa juu hugusana na udongo kidogo, hivyo hukopa polepole.

Sababu ya pili ni magugu, na sina upole juu yake. Mbolea iliyowekwa shamba likiwa na magugu imelisha magugu. Mahindi huumia zaidi kwa magugu katika wiki nne hadi sita za mwanzo, wakati mizizi yake bado mifupi. Palilia kwanza, kisha weka mbolea, hata kama palizi itachelewesha mbolea kwa siku tatu nne. Kufanya kinyume ili "kuwahi" ni kuwahi kulisha majani ya porini.

Sababu ya tatu ni baridi na unyevu mwingi. Udongo wa baridi hauozeshi mboji haraka wala mizizi haifanyi kazi vizuri, na miche hupauka kwa siku chache. Jua likitoka na jani jipya likaja kijani, usifanye kitu.

## Urea iliwekwa, wiki mbili zimepita, hakuna kilichobadilika

Kwa kawaida mahindi yaliyopata naitrojeni na maji huonyesha badiliko ndani ya wiki moja hadi mbili. Yasipoonyesha, rudi kwenye siku ile mbolea ilipowekwa. Ilimwagwa juu au ilifukiwa? Udongo ulikuwaje? Mvua ya kwanza ilikuja lini, na ilikuwa ya kiasi gani?

Urea ikikutana na unyevu, kimeng'enya (kichocheo cha kikemikali) kilichomo kwenye udongo na kwenye mabaki ya mimea huibadilisha kuwa amonia. Kazi hiyo ikifanyika ndani ya udongo, amonia hunaswa na chembe za udongo na kubaki. Ikifanyika juu ya uso, sehemu yake hupaa kama gesi. Hali mbaya kuliko zote ndiyo ile ambayo mkulima huiona nzuri: udongo wenye unyevu kidogo tu, umande wa asubuhi, jua kali mchana, upepo, na matandazo ya majani makavu yaliyojaa kimeng'enya hicho. Chembe zinayeyuka, unadhani zimeingia, kumbe zimeondoka. Urea iliyokaa juu ya udongo mkavu kabisa ina usalama zaidi kuliko ile iliyolowa umande bila mvua kufuata.

Udongo wenye chumvichumvi na uchungu wa magadi, yaani wa pH (kipimo cha asidi) zaidi ya 7, huongeza upotevu. Chokaa mbichi iliyomwagwa juu siku chache kabla huongeza pia, kwa sababu hupandisha pH pale pale urea inapoangukia. Usiweke vyote viwili juu ya udongo kwa wakati mmoja. Chokaa iende mapema, kabla ya kupanda, na ichanganywe na udongo.

Kinga yake ni rahisi na ni ya jembe: kifereji au kishimo cha sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na shina, weka, funika. Kama kufukia hakuwezekani, subiri mvua. Mvua ya milimita 10 hadi 15 ikinyesha ndani ya siku mbili tatu huishusha urea ndani ya udongo. Mvua ya milimita tatu huwasha tu ule mchakato wa kupaa na kuuacha uendelee, na kwa hiyo manyunyu si mvua ya mbolea. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa peupe, na rula vinatosha kukuambia ni mvua ipi imenyesha.

Pale ambapo huwezi kufukia na mvua haina uhakika, CAN (kalsiamu amonia nitrati) ni chaguo zuri zaidi. Nusu ya naitrojeni yake iko katika umbo la nitrati, ambalo halipai, na nusu nyingine hupaa kidogo sana isipokuwa kwenye udongo wa pH ya juu. Ila hapa ndipo kosa la hesabu linapoingia. Mfuko wa kilo 50 wa urea, yenye asilimia 46, una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa CAN, yenye asilimia 26 hivi, una kilo 13. Wa SA una kilo 10 na nusu. Aliyezoea mifuko miwili ya urea na akabadilisha kwenda mifuko miwili ya CAN amepunguza chakula cha mahindi karibu nusu, na mahindi ya njano atakayoyaona hayana fumbo lolote.

Kagua pia kipimo cha shinani. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25 hutoa mimea kama 53,300 kwa hekta. Gramu 2 za urea kwa kila mmea ni kilo 107 kwa hekta, sawa na naitrojeni kilo 49. Gramu hizo mbili ni kidogo mno machoni, na anayegawa kwa vidole hubadilika kila anapochoka: mstari wa asubuhi hupata mara mbili ya mstari wa mchana. Pima kwenye mizani kizibo au kijiko utakachotumia, kikiwa kimejazwa kwa usawa. Usidhani kizibo cha urea na cha CAN vina uzito mmoja, kwa sababu urea ni nyepesi zaidi kwa ujazo uleule.

Na kama unafukua ukakuta chembe bado zipo nzima kwenye udongo mkavu? Basi hakuna kilichopotea. Mbolea inasubiri maji, na wewe subiri nayo.

## Yalikuwa ya kijani, mvua kubwa ikanyesha, sasa ni njano

Kuna mambo mawili tofauti hapa, na yanatofautishwa na miguu yako: je, maji yalipita, au yalituama?

Maji yakipita, kwenye udongo wa kichanga, nitrati hushuka nayo. Nitrati haishikwi na chembe za udongo. Kwenye kichanga kilicholowa tayari, mvua ya milimita 25 inaweza kuisukuma takribani sentimita 30 kwenda chini. Kwenye tifutifu ni karibu nusu ya hapo. Mahindi machanga yenye mizizi mifupi huachwa nyuma. Yaliyofika kifuani yana mizizi mirefu na yanaweza kuifuata, hivyo usiharakishe kuweka tena: angalia siku tano hivi kama jani jipya linakuja kijani.

Maji yakituama siku mbili tatu na udongo ni wa joto, hewa huisha ardhini, na bakteria fulani huanza kutumia nitrati badala ya oksijeni, wakiigeuza gesi. Naitrojeni hupotea bila kwenda popote unapoweza kuifuata. Wakati huohuo mizizi nayo inakosa hewa na haifanyi kazi, kwa hiyo njano ya siku za kwanza ni ya mizizi kuliko ya naitrojeni. Toa maji kwanza, chimba mifereji, acha udongo upumue. Kuweka mbolea kwenye matope ni kuitupa.

Kinachoangamia katika hali zote mbili ni nitrati. Urea iliyowekwa siku tatu kabla ya gharika bado haijafika huko: hubadilika kuwa amoniamu, ambayo udongo huishika, na huchukua wiki mbili hadi nne hivi kwenye udongo wa joto kugeuka nitrati kwa sehemu kubwa. CAN iliyowekwa siku hiyohiyo ilikuwa na nusu yake tayari kama nitrati. Kwa hiyo hesabu siku kati ya mbolea na mvua. Kama ni urea ya siku chache iliyofukiwa, sehemu kubwa bado ipo. Kama mbolea yote iliwekwa wakati wa kupanda na gharika imekuja mwezi mmoja baadaye, nyingi imekwenda, na hapo naona ni busara kurudishia theluthi hadi nusu, mradi mbelewele haijatoka.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linalonishawishi kugawa mbolea kuliko hoja nyingine zote: kinachopotea kwenye gharika ni kile kilichoko ardhini siku hiyo. Kilichobaki ghalani hakipotei.

## Njano imekaa kwa viraka au kwa mistari

Mistari yenye njano na mistari yenye kijani inayopishana ni kazi ya mkono: kuna aliyeruka mstari, au kipimo kilibadilika. Rudia mistari iliyorukwa tu.

Viraka ni vya udongo. Chimbua mmea kwenye kiraka na mwingine kwenye sehemu nzuri, uoshe mizizi, uilaze pamoja. Mizizi mifupi, minene, yenye vipande vilivyobutuka huashiria udongo wenye asidi kali, pH chini ya 5.5, ambamo aluminiamu huyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Matumizi ya miaka mingi ya mbolea za amoniamu, SA hasa, huchangia asidi hiyo. Mizizi ya namna hii haiwezi kufikia naitrojeni hata iwe nyingi kiasi gani, na hapo fedha ya mfuko wa pili inunue chokaa. Mizizi iliyokatwakatwa ni ya wadudu wa ardhini. Mizizi iliyopinda upande kwa kugonga safu ngumu ni ya jembe lililolima kina kilekile kila mwaka.

Kama mimea imedumaa, imepauka na inanyauka hali udongo una unyevu, tafuta kiduha. Gugu hili hunyonya mmea kupitia mizizi na hufanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa kabla maua yake ya zambarau au mekundu hayajaonekana juu. Udongo wenye naitrojeni ya kutosha hulipunguza, ila kuweka mbolea baada ya kuliona hakuurudishi mmea ulioshikwa. Ling'oe kabla halijatoa mbegu.

## Karibu na mbelewele njano imefika kwenye gunzi

Swali hapa ni moja: je, nimechelewa? Jibu linategemea siku, na linatia moyo kuliko wengi wanavyodhani. Majaribio ya Peter Scharf na wenzake huko Missouri, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalikuta kwamba kuchelewesha naitrojeni hadi majani kumi na moja kulisababisha hasara ndogo au hakukuleta hasara kabisa ya mavuno, hata pale njaa ilipoonekana wazi kwenye majani. Kati ya majani kumi na mawili na kumi na sita hasara ilikuwa kama asilimia 3. Waliosubiri hadi ndevu walipoteza kama asilimia 15. Usilifanye hilo ruhusa ya kuchelewa, kwani udongo uliochoka hauna akiba ya kushikilia mmea muda huo wote. Lakini ukiwa na majani kumi na mawili na V ya njano inapanda, weka leo. Iwe CAN ikiwezekana, kwa sababu nitrati yake iko tayari kuliwa, na udongo uwe na unyevu.

Wakati huo angalia kikonyo cha juu. Chembe zikianguka humo huunguza majani, na huacha mabaka meupe ambayo watu hudhani ni ugonjwa. Weka shinani, usirushe, na usiweke majani yakiwa na umande.

Ndevu zikishakauka, acha. Mmea unaojaza punje hutumia zaidi naitrojeni iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye majani na shina, na ndiyo maana majani ya chini hufifia wakati huo hata kwenye shamba zuri.

Ili usifike hapa ukibahatisha, tenga mistari minne mitano mahali pa kawaida shambani na uipe naitrojeni ya kutosha mapema, mara moja na nusu ya kiwango chako. Kila wiki ilinganishe na shamba lililobaki. Shamba likianza kupauka kuliko mistari hiyo, njaa imeanza, na umeiona siku kadhaa kabla jicho halijaiona peke yake. Visipotofautiana mpaka majani kumi, udongo wako unatoa naitrojeni yenyewe, labda kwa samadi au kunde za msimu uliopita, na unaweza kupunguza mgawo wa pili bila hofu. Mwenye maabara karibu ana njia nyingine: mtafiti Fred Magdoff wa Vermont, Marekani, alianzisha, mwaka 1984, kipimo cha nitrati ya udongo wa sentimita 30 za juu, unaochukuliwa mahindi yakiwa na kimo cha sentimita 30 hivi. Ikifika miligramu 25 za naitrojeni ya nitrati kwa kilo ya udongo, kwa kawaida mbolea ya kukuzia haiongezi mavuno.

## Kijani kibichi sana, lakini yanaanguka

Naitrojeni nyingi mapema huotesha majani mapana na mashina marefu laini, hasa potasiamu ikiwa haba. Upepo ukija, yanalala. Punguza mgawo wa kwanza, si wa pili, na kagua potasiamu kabla ya kulaumu mbegu.

## Gunzi linakuambia ni lini njaa iliingia

Wakati wa kuvuna menya magunzi ishirini kutoka sehemu mbalimbali, usichague makubwa. Gunzi lenye mistari michache kuliko kawaida ya mbegu hiyo liliumia mapema, karibu na majani sita hadi nane. Msimu ujao wahisha mgawo wa kwanza au ongeza naitrojeni ya kupandia. Gunzi lenye mistari kamili lakini fupi liliumia baadaye, kabla ya ndevu. Hapo mgawo wa pili ulikosekana, ulipaa au ulizama. Gunzi refu lenye ncha iliyosinyaa, punje ndogo zilizoacha kukua, lilikosa chakula au maji baada ya uchavushaji. Na mapengo yaliyotawanyika ovyo kwenye gunzi, punje moja hapa na nyingine pale, ni ya uchavushaji mbovu: ukame au joto kali siku za ndevu, au wadudu waliozikata. Hilo mbolea haikuhusika nalo.